Basi Hewa la Saa Mbili Kasorobo

Kibao kinasema: dakika tatu.
Kinasema: dakika mbili.
Kinasema: linafika.
Kisha namba inafutika, kama mdaiwa aliyehama usiku,
na barabara inabaki tupu, imelowa, inang'aa.

Huku Knockbrack, mlimani juu ya Cork,
mvua haitoki juu. Inakuja ubavuni,
na aliyejenga kibanda cha kituo
alikielekeza mdomo huko huko inakotoka.
Alikichora ofisini, nadhani, siku ya jua.

Kwa hiyo tunasimama nyuma ya kibanda, si ndani:
mimi, mpishi wa kantini ya hospitali;
Kacper, begi kubwa kuliko mgongo;
Bwana Lucey na nyonga yake mpya ya chuma,
asiyeweza kukaa kwa kuwa benchi limeinamishwa
ili mlevi asilale.
Mlevi halali. Mzee hakai.
Na Dympna Twohig, miaka sabini na minne,
karani wa kiwanda cha soksi hadi kilipofungwa,
daftari lake ndani ya mfuko wa mkate.

Tulipiga simu.
Sauti ikatushukuru kwa subira yetu.
Subira yavuta heri, sawa,
lakini haijapata kuvuta basi.

Dympna hapigi simu. Anaandika.
Jumatatu: halikuja. Jumanne: limejaa, likapita.
Jumatano: halikuja. Alhamisi: mawili kwa pamoja,
yamefuatana kama bata, la pili tupu.
Wiki kumi na moja za wino wa buluu,
kisha akapiga mstari chini ya safu moja.
"Linalopotea hasa ni hili la saa mbili kasorobo.
Kitu hakipotei mahali pamoja
kila siku bila sababu."

Ijumaa akapanda la mapema, lile la kwenda juu,
akafika nalo mwisho wa njia, akabaki kitini.
"Mama, hapa ndipo mwisho," akasema dereva,
Donncha, kijana mwenye macho mekundu.
"Najua. Nauliza tu, ukitoka hapa unakwenda wapi?"

Akautazama usukani.
Akajibu kama mtu anayeungama:
hapa hakuna choo.
Saa nne mfululizo kwenye kiti, na chai ya alfajiri;
wenye zamu hiyo wote wanajua,
unazima taa, unashuka tupu kwa njia ya mkato
hadi kituo cha petroli bondeni,
kisha unaanza upya mjini.
Kompyuta haina habari. Inaendelea kuhesabu: tatu, mbili.

Sisi tulikuwa tumeshajenga hadithi nzima:
uvivu, njama, bajeti, wakubwa wa Dublin.
Kumbe kibofu.

Ukumbi wa parokia uko hatua arobaini kutoka pale.
Ufunguo anao Concepta, mpanga maua,
asiyemwamini hata malaika wa dirishani.
Walibishana siku nne.
"Nani atasafisha?"
"Mimi."
Ufunguo ukaning'inizwa kwenye msumari nyuma ya bomba,
umefungwa kwa uzi mwekundu wa soksi.

Jumanne kibao kikasema: dakika tatu.
Hakuna aliyeinua shingo.
Kikasema: linafika.
Na likafika,
taa zimewaka, vifuta mvua vikipepesa.
Kacper akapiga kelele kana kwamba tumefunga bao.
Donncha akangoja Bwana Lucey akae
ndipo akaachia breki.
Hilo nalo Dympna akaliandika.

Mwezi uliofuata barua ikaja, yenye nembo:
maboresho ya mfumo wetu yameongeza ufanisi wa njia yenu.
Dympna akaisoma mara mbili, akaikunja nne,
akaisokomeza chini ya mguu wa benchi,
upande ule ulioinama.
Haikutosha.

Kibanda bado kinameza mvua.
Jioni basi bado linaondoka stesheni
dakika moja kabla ya treni kufika,
tunaliona mgongo tu, likipanda mlima.
Na Jumapili hakuna kitu,
kana kwamba siku hiyo hakuna mwenye mama hospitalini.

Jana nilimkuta dukani akichagua daftari jipya,
akipima unene wa karatasi kwa dole gumba.
"La kurasa mia mbili," akamwambia muuzaji,
"na kalamu ambayo wino wake hauogopi mvua."