Kopo Namba Arubaini na Moja

Kabla ya kukojoa tuliwaambia wakimbie,
mara mbili, toka mlango wa darasa hadi nguzo ya goli,
kwa sababu mayai hutuama chini ya kibofu
kama mchanga chini ya mtungi,
na mchana, jua la utosi, ndiyo saa yao ya kushuka.
Walicheka. Nani kaona daktari
anayemtuma mtoto mbio ili apate mkojo?

Makopo sitini na matatu ndani ya boksi la barafu,
barabara ya Kengeja mashimo matupu,
Mbwana akiendesha kama aliyepakia mayai ya kuku.
"Si ndiyo hayo," nikamwambia, "ila haya yana mwiba."

Miaka kumi na tisa nayahesabu.
Yai la kichocho lina mwiba mmoja mkiani,
nalo halina haraka.
Chuja, weka kwenye kioo, sogeza, hesabu.
Sifuri. Sifuri. Mbili. Sifuri.
Mume wangu anasema hata usingizini
nazitaja sifuri kama mtu avutaye uradi.

Zamani hazikuwa sifuri.
Kaka yangu Ngwali alikojoa damu akiwa na miaka kumi
na babu akatabasamu: kijana kabaleghe.
Wenzake wote walikojoa damu; asiyekojoa
ndiye aliyeulizwa ana nini.
Alipokufa, figo zimejaa maji,
hakuna aliyeuliza habari za mto.
Mie niliuliza. Toka hapo
nalipwa mshahara wa kuuliza.

Kopo namba arubaini na moja, Shaame Faki, darasa la tatu:
limejaa pomoni, rangi ya chai iliyozidishwa maji.
Nikadondosha tone bila ya kulichuja.
Umeme ukakatika.
Nikageuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani,
jua la alasiri likapanda ndani ya bomba,
nikaona kitu ambacho jicho langu halikukizoea:
hakikulala. Kiliogelea.
Kimevaa vinyweleo mwili mzima, kikijisokota,
kinakwenda, kinarudi, kinagonga ukingo wa tone
kama mgeni anayebisha hodi mlango hadi mlango
akimuulizia mtu asiyekuwepo.
Kikimuulizia konokono.

Mkojo hauangui yai.
Kinachoangua ni maji ya mto.

Kesho yake nilimkuta majarubani, hanitazami usoni.
"Wenzangu walijaza, daktari. Wangu ulikuwa kidogo."
"Ukaongeza ya wapi?"
Akanyoosha kidole chini ya daraja la magogo ya mnazi,
pale ambapo ramani yangu ina kijani,
na kijani maana yake pamekwisha,
kijani nilichokipaka kwa mkono wangu.

Nikavaa buti za mpira, nikashuka.
Mama yake, Bi Mize, akaacha kufua
akanitazama nikichota konokono kwa chujio
kama mtu achotaye dagaa.
Kumi na saba, maganda yamezungukia kushoto.
"Hao tunawajua," akasema.
"Kila mwaka mvua ikikatika wanarudi.
Hamkutuuliza."

Fomu yangu ina visanduku ishirini na viwili.
Neno hilo halikuwa na pa kuingia.

Shaame akasimama kwenye fimbo ya kupimia:
vidonge viwili na nusu.
Nikampa andazi kwanza, maana vichungu,
na tumbo tupu huvitapika.
Akatafuna polepole, jicho pembeni.
"Kile kidudu, kilimpata konokono wake?"
"Hakikumpata. Umri wake haufiki siku mbili.
Kilikufa jioni, mezani kwangu."
"Bado kikitafuta?"
"Bado kikitafuta."
Akanyamaza, akamalizia andazi,
akafuta vidole kwenye kaptula.

Usiku nilikifuta kijani.
Raba ilitoboa karatasi.