Robo ya Milimita

Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado limeng'ang'ania dirisha,
theluji imepanda hadi kizingitini.
Natoa spana chini ya mto.
Nati ya kwanza: robo ya milimita.
Nitarudia saa sita. Jioni. Usiku wa manane.
Mara nne kwa siku mfupa wangu unadanganywa
kwamba umevunjika leo.

Nilikuwa na miaka ishirini, mhudumu wa behewa la nne.
Ngazi ya chuma iliganda barafu, stesheni ya Ishim;
nikashuka kwa mguu mmoja, wa pili ukabaki ngazini.
Daktari mmoja, majeruhi tisa, plasta ya mbiombio.
Muundi uliunga, ndiyo,
lakini kama majirani wawili wasiosalimiana,
bega kwa bega, kila mmoja na ukuta wake.
Sentimita nne zikapotelea humo.
Sijui sentimita zikipotea huenda wapi.

Marsel ni fundi viatu. Ndivyo tulivyojuana.
Alipima, hakuuliza. Akabandika soli juu ya soli,
ngozi, mpira, ngozi,
nami miaka kumi na tisa nikatembea juu ya ghorofa yake.
Mgongo ndio ulioshtaki.

"Uliounga vibaya," alisema Daktari Varvara Pimenovna,
"hauombwi radhi. Unavunjwa upya."
Patasi na nyundo, kazi ya seremala.
Kisha pete nne za chuma kuuzunguka mguu,
nyaya zilizokazwa kama spoki,
zinaingia ngozini upande huu, zinatokea upande ule.
Siku saba tusiguse kitu.
Ya nane, spana.

Ghorofa ya tatu twajuana kwa vilivyovunjika.
Agrafena ni nyonga: aliteleza akimwita paka,
akawekewa kichwa cha paja cha chuma,
na kesho yake wakamsimamisha. Analaani, anasimama.
Stepan mkata magogo ni bega;
limechomoka mara tatu, mara ya mwisho
likarudishwa kwa shuka na wanaume wawili.
Timofei, miaka saba, kiwiko, sleji.
Kila saa muuguzi anavishika vidole vyake:
vina joto? vinacheza?
Plasta ikibana mno, damu hukata tamaa kabla ya mtu.

Maumivu? Usiku.
Mfupa hauna kinyongo. Ni misuli,
inavutwa kama mtoto asiyetaka shule.
Wiki ya nne tundu moja la waya lilitunga usaha:
homa, sindano, siku tatu bila spana.
Nililia kwa ajili ya zile milimita tatu.

Kwenye eksirei pengo lilikuwa jeusi.
Kisha ukungu. Kisha nyuzi,
kama barafu inavyoanza kuushika mto Tobol
kutoka kingoni.
Daktari akaugusa ukungu kwa kalamu:
"Huyo ni wewe."

Jumapili Marsel huja na kile kiatu, na kisu.
Hapimi. Anauliza tu, "Ngapi?"
Nasema saba. Anachonga unene wa saba.
Jumapili ile ya homa nilisema nne,
akachonga nne, polepole, zikachukua muda wa saba.
Vipande anatia mfukoni, sijui vya nini.

Wiki ya saba kidole gumba kikafa ganzi.
Mshipa wa fahamu umefika mwisho wa kamba yake.
Daktari akasema basi.
Tumepata milimita thelathini na tano. Tano zimebaki.
Pete nitakaa nazo hadi miti itoe majani,
nikijifunza kukanyaga: kisigino, unyayo, halafu woga.

Marsel alikigeuza kiatu. Soli moja imesalia,
ile ya kwanza kabisa, ya ngozi.
"Hii niiache?"
"Iache."

Usiku wa manane bado naamka.
Mkono unaenda wenyewe chini ya mto.