Tisa Nukta Nane

Toleo la kumi na moja la Mtu-Tanuri,
ukurasa wa kumi na tisa, kisanduku cha mwisho, chini kulia:
hapo ndipo Binti Masizi anatokea mara ya kwanza duniani,
na anatokea mgongo tu.
Nywele, bega moja, moshi. Basi.
Kwa mgongo huo nimelipa bei ya gari,
tena gari lenye hita,
na hapa Milwaukee, mwezi wa pili, hita si mzaha.

Renata hakugomba. Alitua sufuria, akasema:
"Nionyeshe huyo binti."
Nikamwambia haonyeshwi.
Yumo ndani ya ganda la plastiki lililozibwa pande zote,
na juu yake kikaratasi chenye namba.
Ukilipasua ganda, namba imekufa.
"Kwa hiyo umenunua kitabu usichoweza kukisoma."
Kizuri chajiuza, mke wangu.
Hakuna aliyesema chajifungua.

Tisa nukta nane ni pini mbili
zisizojua kutu tangu mwaka wa sabini na mbili.
Ni kona nne kali kama ukosi wa shati la harusi.
Ni mtoto fulani, mahali fulani, aliyepewa senti ishirini,
akanunua, akaweka kabatini, asisome.
Mgonjwa labda, au mwenye adabu ya kutisha.
Nimerithi kutosoma kwake.

Nakala yetu ya kwanza tuliisoma wawili, mimi na kaka yangu Kaz,
chini ya meza ya jikoni, Mtaa wa Mitchell,
mpaka jalada likaachana na kurasa kama soli ya kiatu.
Kaz alimchorea Binti Masizi uso, kwa penseli, ukurasa wa nyuma.
Ukatoka uso wa mwalimu wetu wa hesabu.
Mama akawashia jiko nakala ile.
Simlaumu. Kulikuwa na baridi.

Machi, ukumbi wa maonyesho, foleni ya saa nne.
Kampuni ilinipa shahidi, msichana mwenye beji na glavu nyeupe,
kwa maana sahihi isiyo na shahidi ni doa tu,
hata kama uliiona ikiandikwa, hata kama mliandikiana mkicheka.
Yeye ndiye aliyelipasua ganda.
Dakika kumi na moja kitabu kilikaa uchi mezani.
Harufu ikanijia: vumbi tamu, kama kabati la bibi.
Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa umbali wa kidole.
Sikuugusa.
Naapa sikuugusa, na sijui naapa kwa fahari au kwa aibu.

Mzee Ambrose Tillotson, miaka themanini na minane,
ndiye aliyeuchora mgongo ule.
Akauliza bila kuinua kichwa: "Nimwandikie nani?"
Foleni nzima inajua jibu.
Jina la mtu hupunguza bei.
Ulimi wangu ulikuwa tayari umeshaishika ile K.
"Jina lako tu, mzee."
Akanitazama juu ya miwani.
"Leo wote hamna majina," akasema, wala si kwa hasira.
Mkono ulimtetemeka mpaka kalamu ilipogusa karatasi.
Hapo ukatulia.

Kitabu kilirudi baada ya wiki tisa: ganda jipya, namba ile ile.
Sitadanganya, nilicheza jikoni na soksi.

Miaka thelathini na mmoja nimebeba barua za Bay View,
bili, rambirambi, mbegu za nyanya,
bahasha zilizolowa theluji mpaka wino ukakimbia,
na kila mara, ukiwa na subira, jina lilisomeka.
Hiki, kilicho safi kuliko vyote vilivyopita mikononi mwangu,
hakina wa kupelekewa.

Nimekiweka mbali na dirisha.
Jua nalo hupunguza.