Kumi Kasoro Moja

Kwandu alirudi siku ya tano.
Salamu aliiacha mlangoni.
Alifungua bahasha ya mshahara, ile ya kaki,
akamwaga juu ya taulo langu
maganda tisa mekundu, mazima, kama magamba.
"Yahesabu," akasema.
La kumi halijulikani lilipo.
Lilimtoka zamu ya usiku, kiwandani,
huenda limeshapanda ndege pamoja na minofu,
limelala kwenye barafu, linaelekea mezani Ulaya.

Miaka sita nimekalia kistuli hiki, Kirumba,
mlango wa tatu kutoka kwa muuza betri,
na jibu nilikuwa nalo, la kurithi,
nilipewa na aliyenifundisha, naye alipewa:
"Dada, damu yako kali. Inakataa rangi."
Mteja hutazama mikono yake
kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa,
hulipa, hushukuru,
nami hufunika chupa.

Maana Nyanjige wa benki hukaa nayo wiki tatu.
Anahesabu noti kutwa, vidole vikavu kama karatasi,
na akija kuitoa
lazima niichimbe.
Chupa ileile. Taa ileile. Mkono wangu uleule.
Kama si damu, ni nini?

Ila Kwandu hakuondoka.
Alivuta kiti, mikono ikinuka klorini,
ncha za vidole zimekunjamana
kama za mtoto aliyesahaulika kwenye beseni.
Saa kumi kila zamu, akasema, sangara na barafu.
Glavu hugawiwa Jumatatu;
ikifika Jumatano, ya kushoto inavuja.

Nikaukumbuka ukuta wetu, Mabatini.
Nyumba imeegemea jiwe,
na kila masika plasta hubanduka upande uleule.
Baba alilaani saruji, akamlaani fundi,
akabadili rangi mara nne,
mpaka kijana mmoja wa kuchanganya zege,
aliyekuja kudai hela yake tu,
akaweka kiganja ukutani:
"Rangi haina neno. Jiwe linatoka jasho."

Kucha ni mnywaji. Hunywa, kisha hunywea.
Ndani ya maji huvimba, kidogo, jicho halioni;
ikikauka hurudi.
Jeli haijui kuvimba wala kunywea,
imeshakuwa kioo chini ya taa.
Mmoja anapumua, mwenzake amebana pumzi.
Mara ya kwanza huvumiliana. Mara ya mia
hufunguka mwanya pembeni, mwembamba kuliko unywele,
na maji, ukiyapa unywele, yataomba mlango.

Na mengine niyaseme.
Siku ile nilikuwa na foleni.
Ile ngozi nyembamba ya mzizini sikuisukuma mpaka mwisho,
nikaipaka juujuu pamoja na kucha.
Ncha sikuzifunga.
Gumba liliingia kwenye taa likiwa limelala ubavu,
na umeme wenyewe ulikuwa unapepesa.

"Si damu," nikamwambia,
na ulimi wangu ulikuwa mzito kama wa mgeni.
"Ni kazi yako. Na yangu, kidogo."
"Yako kiasi gani?"
Nikayatazama maganda.
"Kama manne."

Jumamosi ni sendofu ya mdogo wake.
Aje asubuhi hiyohiyo, nimemwambia,
asioshe hata kikombe,
nizikate fupi, nizikaushe,
kidole kimoja kimoja, simu nikiwa nimezima.
Jumatatu zitaanza kuachia.
"Siku mbili zinanitosha," akasema,
"nina keki ya kulisha wakwe, basi."

Akatenga maganda manne,
akayasukuma upande wangu wa taulo.
Matano akayarudisha kwenye bahasha ya mshahara.