Zamu ya Maji

Ibra, saa mbili asubuhi. Kiyoyozi cha kliniki
kinanguruma kama jirani anayedai.
Mama ameweka kidevu juu ya kibao,
na taa ya buluu inamsogelea
kama mtu anayetaka kubusu na anaona haya.
"Usipepese, Bi Ghaniya."
Hapepesi. Aliyezaa wanne Wete bila ukelele
atapepesa kwa kitaa?

Kushoto ishirini na nane, anasema daktari.
Kulia thelathini na moja.
Mama ananigeukia: "Ni nyingi au kidogo?"
Nyingi, Mama.
"Mbona siumwi?"

Hapo ndipo ninapokitafuta Kiswahili changu.
Maskati, maabarani, kutwa napima peptidi moja:
shanga ishirini na nane (ndiyo, idadi ile ile),
uzi mmoja uliojipiga kitanzi katikati.
Moyo ukijaa ukavutika, huituma kwa figo:
achieni chumvi, achieni maji.
Hilo ni la zamani.
Ila imekutwa jichoni pia,
jicho linajitungia lenyewe,
kana kwamba lilichungulia barua za moyo
likanakili mwandiko.

Namwambia: nyuma ya mboni pana chemchemi.
Si machozi; machozi ni ya nje, ya kulilia watu.
Maji haya hupita mbele, yakatokea pembeni
kwenye chujio jembamba kuliko shashi.
Yakiingia mengi, yakatoka machache,
yanasukuma. Kule nyuma
mshipa wa nuru unabanwa kimya kimya.

"Falaji," anasema Mama.
Namkodolea. Miaka arobaini na kitu hapa,
bado anauita ule mfereji wenu.
"Zamu ya baba yako ilikuwa usiku wa manane.
Anaziba kwa tambara na udongo, anazibua,
kila mtende na kipimo chake.
Siku moja akalala.
Kulipokucha, ukuta wa Bin Hilal nao umelala."

Daktari anacheka. Mama hacheki.
"Basi hiyo shanga yako ndiyo mwenye zamu?"
Mmoja wao, Mama. Wako wengi,
na bado hatujui nani humwamsha nani.
"Sasa mnalipwa kwa nini?"

Sikumwambia kwamba kilichokwisha kubanwa
hakirudi. Nilikiona kikombe
alichokipangusa kwa kiwiko juzi, upande wa kulia,
akamlaumu paka.

Usiku namwinamisha kichwa kwenye mto.
Tone moja kila jicho, kila siku, mpaka mwisho.
La kwanza linamkosa,
linateremka shavuni hadi sikioni.
"Hilo limekwenda kwa Bin Hilal," anasema,
na anafungua jicho kwa vidole viwili,
pana, kama anayemfungulia mtu
aliyechelewa.