Zamu Yangu ya Kubebewa

Misimu kumi na tisa nimesema "polepole"
kwa watu waliolipa ili waambiwe polepole.
Lango la Machame wananijua kwa kikohozi.
Bakshishi nilizitia SACCOS, noti kwa noti,
bati la jikoni likasubiri.

Nilipotaja Vietnam, Rau nzima ilicheka.
"Unakwenda kwa nani?"
Siendi kwa mtu.
"Msiba? Matibabu? Mzigo?"
Nakwenda kuangalia.
Shemeji Aminiel akaweka glasi chini:
"Kuangalia nini, na sisi tupo hapa tunaangaliwa bure?"

Hanoi, pikipiki ni mto usio na kivuko.
Nilisimama ukingoni nusu saa,
mimi niliyevusha watu barafuni usiku wa manane,
mpaka bibi mwenye kapu la machungwa akanishika kiwiko
akanivusha kama mbuzi wa mahari.
Hakunitazama. Hakudai kitu.

Halafu kaskazini, ukungu, Sapa,
ngazi za mpunga zimekatwa ubavuni mwa mlima
kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka.
Maji yanashuka shamba hadi shamba,
kila tuta na mlango wake wa udongo.
Nikauliza nani anafungua, nani anafunga.
Mwongozaji wangu, Sua,
ambaye kichwa chake kinaishia kwenye mfuko wa shati langu,
akasema: siku zina wenyewe.
Nikanyamaza.
Kwetu mfongo wa babu umejaa chupa za plastiki
na kesi iko baraza la kata.

Sua alitaka begi langu. Nikakataa.
"Ndiyo kazi yangu," akasema,
kwa sauti ileile, kwa uchovu uleule wa adabu
ninaoutumia kwa Wajerumani kule Shira.
Nikampa.
Upepo ukanipiga mgongoni
nikajiona uchi.

Na ya aibu niyaseme pia.
Nilimuuliza, "Mnaishi huku mwaka mzima?"
Nilimpiga picha mama mmoja akichovya kitambaa,
mikono yake ya buluu hadi kiwikoni,
bila kuomba. Akageuzia uso ukutani.
Marehemu bibi yangu yumo kwenye albamu ngapi za Ulaya,
anamenya ndizi, hana jina?

Jioni ya mwisho nilihesabu bakshishi ya Sua
nyuma ya mlango, noti zenye sufuri nyingi.
Nikatoa moja, nikairudisha, nikaitoa tena.
Kumbe ndivyo wanavyofanya hemani
wakati sisi tunawaimbia nje.

Nilirudi na kofia ya pembe tatu iliyopondeka KIA
na kichujio cha kahawa, kibati
kinachokaa juu ya glasi kama ndege juu ya mzinga,
bei yake soda moja.

Sasa niko Kibosho, kwa mama.
Amelima buni miaka hamsini, anakunywa chai ya rangi.
Imebaki mibuni minne nyuma ya zizi,
mingine tuling'oa tukapanda nyanya.
Nimekaanga, nimetwanga, kinu kinanuka moshi,
chini ya glasi nimemwaga maziwa mazito ya kopo.
Tunangoja. Tone.
Tone.
Anauliza kama kimeziba.
Anauliza, "Na huko ulikwenda kuona nini?"
Namwambia: maji yanavyogawanywa.
"Hayo ungeyaona hapa, ungekuwa unaamka mapema."
Mlima umejitokeza wote, hakuna anayeutazama.

Anaonja. Anashika glasi kwa mikono miwili.
"Kumbe," anasema, "ndiyo hii
tuliyokuwa tukiwapelekea."

Kisha anauliza kama maziwa yamebaki kwenye kopo.