Ufunguo Kibogoyo

Kila usiku, kabla taa ya ngazini haijazimwa,
Zawena huuliza: "Umemlaza?"
Si mtoto. Mtoto yuko Leeds, anasomea uhasibu.
Anauliza ufunguo.
Nateremka na soksi hadi jikoni,
nafungua kopo la biskuti lenye picha ya mbwa na theluji,
naulaza humo, nakandamiza kifuniko mpaka kiseme tak.

Kwa jirani yetu Gethin walikuja wawili, saa tisa usiku.
Mmoja kashika kisanduku, kakibandika mlangoni,
mwenzake kasimama ubavuni mwa gari.
Ufunguo ulikuwa mezani, umejilalia,
ukaitwa, ukaitika,
kama mshamba aliyesikia jina lake stesheni.
Gari likafunguka, likawaka, likaondoka kwa adabu.
Hakuna kioo kilichovunjika.
Asubuhi Gethin kasimama na nguo za kulalia,
anatazama doa la oili
kama mfiwa asiye na kaburi.

"Ufunguo gani huu," akaniuliza, "hauna hata jino moja?"

Wangu wa kwanza ulikuwa nayo.
Fiesta nyekundu, mkono wa nne, rangi imebabuka,
Januari yangu ya kwanza hapa Coventry.
Tundu likiganda, nikiupasha ufunguo kwa kiberiti,
nikiuingiza, nikiuzungusha kwa kubembeleza;
injini ikikohoa, ikikataa, ikikataa,
ikikubali.
Kiganja kilijua kisubiri kiasi gani.
Siku hizi nakanyaga breki, nabonyeza kidole kimoja,
kama napiga kengele
kwenye mlango wa mtu nisiyemjua.

Zawena hataki kuyasikia hayo.
Yeye huhudumia wazee majumbani,
nyumba tisa kabla ya adhuhuri,
mikono imejaa glavu, vidonge, mwavuli, mkoba.
"Wewe lilia chuma chako," husema.
"Mimi gari langu hunijua nikiwa mbali,
huniwashia taa kabla sijatamka neno.
Nitajie mwingine anayenifanyia hivyo."
Sikumtajia.

Ijumaa ile tulirudi sokoni pamoja, mimi nimeshika usukani.
Nikashuka na viazi, injini inanguruma;
yeye akahamia kiti changu, ana haraka,
dada yake amejifungua Stafford.
Gari likalia mara tatu,
kisha likanyamaza, kama shahidi aliyechoka kuulizwa,
likaenda.
Maili arobaini na kitu
lilimbeba mtu asiye na ufunguo.
Akaingia kituo cha mafuta, akazima,
kama kibao kinavyoamuru.
Basi.

"Ufunguo uko wapi?" Sauti yake simuni imenyooka kama rula.
Nikatia mkono kwenye koti.
Ulikuwepo, umepata joto,
umeshikamana na peremende isiyo na karatasi.

Nikaupeleka kwa treni, nikabadilisha Birmingham,
nimeufumbata kama yai.
Pale Wolverhampton, treni imesimama,
chini yetu uwanja wa magari, mamia kwa mamia,
nikaubonyeza, mzaha tu.
Hakuna hata moja lililopepesa.

Nilimkuta pembeni, karibu na mashine ya upepo,
vijana wawili wamemsaidia kulisukuma.
Amejifunika koti magotini, anatafuna krispi,
kwenye kiti cha nyuma maua ya mzazi yamelala kifudifudi.
Zikiwa zimebaki hatua chache,
kabla hajainua uso,
gari likawasha taa zote.

Akainua uso. Hakunitazama machoni.
Alitazama mfuko wangu.

Akabonyeza, likawaka kama halikumbuki kitu.
Yeye aliendesha. Mimi nilikaa na ufunguo mkononi
hadi mlangoni kwa shemeji,
na kidole gumba changu, bila kutumwa,
kilikuwa kikiupapasa ukingoni,
kikitafuta meno.